Siku Moja Kisumu, na Jiwe la Mke wa Kwanza



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya dada yetu mmoja, mama wa watoto wanne, aliyeandika kwa hati nzuri na adabu nyingi. Asema mumewe ni mtu mwema, hakosi msikitini, hawapunguzii chakula wala mavazi, na yeye hana dhuluma ya kumshtakia. Ila kila anapomtajia kutoka pamoja, wao wawili tu, waende mahali kwa siku moja wapumue, humjibu kwamba hayo ni mambo ya watalii. Kwamba Muislamu husafiri kwa Hija, kwa elimu, kwa biashara, kwa kuunga jamaa au kwa msiba, na safari ya kutazama majumba na maji ni kupoteza wakati na mali. Dada yetu auliza: ndivyo dini isemavyo?

Tungeliweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini barua yake imetukuta na haya usoni, kwa kuwa maneno ya mumewe ni maneno yetu sisi wenyewe, na tumeyasema nyumbani kwetu kwa muda wa miaka ishirini na saba. Basi atuwie radhi tukimjibu kwa kisa cha siku moja tuliyokaa mjini Kisumu na ahali yetu.

Mwenzetu huyu alilelewa Kisumu. Marehemu baba mkwe wetu alikuwa mtumishi wa reli, akahamishwa kutoka Mombasa kupelekwa bandari ya ziwani, akakaa huko na watu wake katika nyumba za reli mpaka binti yake huyu alipofika umri wa miaka minane, ndipo wakarejea pwani. Tangu siku za mwanzo za ndoa yetu alikuwa akitutajia mji huo: mvua za jioni zenye ngurumo, harufu ya dagaa walioanikwa, na jirani yao, mzee wa Kijaluo, aliyekuwa akipiga ala ya nyuzi mbele ya nyumba yake jua likikaribia kuchwa. Akiomba twende tukauone. Nasi tukimwambia, "Inshallah mwakani."

Neno hilo la inshallah, enyi wasomaji, twalitumia vibaya. Limewekwa ili ahadi ifungwe kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu, nasi wanaume wengi tumelifanya mlango wa kutokea. Kila mwaka palikuwa na udhuru: mitihani ya madrasa, kamati ya msikiti, Maulidi, mgeni kutoka Lamu, suluhu ya watu waliogombea mpaka wa kiwanja. Mama mkwe wetu alikuwa na hamu awe wa tatu katika safari hiyo, apate kuuona tena mji aliouacha angali kijana. Mwaka juzi akafariki, Allah amrehemu, naye hakuuona. Mwenzetu hakutulaumu hata kwa neno moja. Laiti angelitulaumu, ingelikuwa nyepesi kwetu.

Hatimaye tukaenda. Alhamisi tulipanda treni ya reli mpya hadi Nairobi, tukalala kwa mwanetu, tukasali Ijumaa huko, na jioni yake tukapanda treni ya reli ya zamani iendayo Kisumu, ile iliyorejeshwa mwishoni mwa mwaka 2021 baada ya kusimama miaka kadhaa. Ni treni ya usiku, haina haraka, na atakaye starehe kubwa asiipande. Lakini mwenzetu alitaka afike kwa reli kama alivyoondoka kwa reli. Reli hiyo ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi. Jina hilo la kigeni halikudumu; lilirudi la wenyeji, ambalo wao wenyewe hulieleza kuwa ni la mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana.

Alfajiri ilitukuta ndani ya behewa, treni ikiteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni. Hapa tutaje jambo moja litakalowafaa wasafiri. Mtu wa Mombasa amezoea kuelekea kaskazini karibu moja kwa moja, maana Makka iko juu yetu kana kwamba imepigiwa mstari. Ukifika Kisumu yakubidi ugeukie mashariki kidogo. Nasi katika treni inayopinda kila mara tulifanya ijtihadi yetu, tukaanza sala, na Mwenyezi Mungu ndiye apokeaye.

Tulipokewa na kijana aliyesoma katika madrasa yetu, ambaye sasa ni mwalimu huko na ana mke na mtoto mmoja. Nyumba yake iko Kaloleni. Naam, Kisumu nayo ina Kaloleni yake, na Waislamu wake wa zamani, Waswahili, Wanubi, Wajaluo na Wahindi. Baada ya chai alitutembeza mjini kwa gari lake dogo. Tuliuona Msikiti wa Jamia, wenye rangi ya kijani na nyeupe, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1919. Tuliuona pia mnara wa saa ulioko katika barabara ya Oginga Odinga. Wapitao ni wengi, na wachache husimama wakasoma kilichoandikwa juu yake. Mnara huo ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufia Kampala mwaka 1910. Ulizinduliwa mwaka 1938. Yaani miaka ishirini na minane baada ya baba kufa, watoto walikuwa bado wakimfikiria. Mwenzetu aliusoma mara mbili, tukajua anamfikiria mama yake, tukatazama upande wa pili wa barabara.

Nyumba waliyokaa utotoni hatukuipata. Nyumba za reli zimefanana, nyingine zimeongezwa mabati, nyingine zimepunguzwa miti. Mwenzetu alisimama mbele ya moja akasema labda hii, akaenda mbele ya nyingine akasema labda ile. Tukapiga picha ya labda ya pili, tukaondoka.

Kutoka hapo tulikwenda makumbusho ya Kisumu, yaliyo kando ya barabara iendayo Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1980, na ndani yake kuna nyoka, samaki wa ziwani, kobe, na vyombo vya kilimo na uvuvi vya makabila ya upande huo. Lakini kilicho bora kuliko vyote ni boma la Kijaluo lililojengwa kamili kwa kipimo chake, nyumba za udongo na makuti ya nyasi, kama lile la mtu mwenye wake watatu. Kina mama wanaotusoma wangeliwafurahia waliolipanga. Mke wa kwanza, ambaye kwa Kijaluo huitwa mikayi, nyumba yake hukabili lango la boma, imejengwa ndani kabisa, ili aingiaye amwone yeye kwanza. Nyumba za wake wengine zina nafasi zake, na vijana wa kiume hujenga vibanda vyao karibu na lango. Tuliambiwa kuwa hata mbegu, msimu wa kupanda ukifika, huanza mikayi kuziweka ardhini kabla ya mwingine yeyote. Si sheria yetu, na baadhi ya mila zake hatuzikubali, lakini kuna heshima ndani yake ambayo baadhi ya wenye wake wawili wa mtaani kwetu hawaifikii, na wao wamesoma kitabu cha nikahi.

Tukiwa bomani humo ndipo tulipoisikia nyatiti.

Huenda wasomaji wa pwani wasijue kwamba Kisumu na ukingo wote wa ziwa upande wa Kenya umetajika kwa muziki kama Lamu na Mombasa zilivyotajika kwa taarabu. Benga, iliyovuma Kenya nzima tangu miaka ya 1960, chimbuko lake ni kwa Wajaluo, na wajuzi husema vidole vya wapiga gitaa wa benga vilijifunza kwa nyatiti. D. O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga, alizaliwa karibu na Shirati upande wa Tanzania, akafanya jina lake Kenya, akafa kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Naye Ayub Ogada, aliyeifikisha nyatiti katika majukwaa ya Ulaya, alizaliwa Mombasa yetu hii mwaka 1956 na akafariki nyumbani kwake karibu na Kisumu mwaka 2019. Haya tuliambiwa na mwenyeji wetu njiani, akiona haya kidogo, kwani alidhani tutamuuliza ameyajulia wapi.

Nyatiti yenyewe ni ala ya nyuzi nane, yenye tumbo la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma katika kidole cha mguu na kuigonga ubavuni mwa ala, na njuga zikalia mguuni; hivyo mtu mmoja huwa ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Huimba nasaba za watu, huwasifu waliokufa, huwakumbusha walio hai wanatoka wapi. Siku hiyo mzee mmoja alikuwa akiwapigia wanafunzi wa shule waliokuja na walimu wao. Mwenzetu alisikia uzi wa kwanza akasimama pale pale, mkono umeshika ukingo wa buibui lake, na hakusogea tena.

Nasi tuliondoka. Tulikwenda kusimama kwenye ua wa kobe.

Tuseme kweli juu ya jambo hili, kwani nusu ya kweli haitamfaa dada aliyetuandikia. Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi juu ya ala za nyuzi ni kukataza, na ndiyo tuliyosomeshwa na ndiyo tunayosomesha. Ikhtilafu ipo: Ibn Hazm wa Andalusia alihalalisha, na wapo wengine waliofuata njia hiyo, na mafakihi wametenga baina ya sauti inayomfikia mtu na sauti anayoikusudia kuisikiliza. Hatukuja kuifungua milango hiyo leo. Tunalotaka kulikiri ni kwamba lililotuondoa pale halikuwa kauli ya Shafi. Tulikuwa na kanzu na kofia ya vito, na walimu wale walikuwa wakipiga picha kwa simu zao. Tuliiona picha yetu, sheikh amesimama mbele ya mpiga nyuzi, ikifika barazani kwetu kabla ya sisi wenyewe kurudi. Tuliliogopea jina letu, tukaiita hofu hiyo ucha Mungu.

Ilipita kama robo saa. Mwenzetu alipotufuata macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Si mzee yule, lakini mkono ni ule ule." Sisi, badala ya kumuuliza juu ya mzee yule, tukamkumbusha kauli ya madhehebu.

Akatujibu kwa utulivu: "Naijua, Maalim. Nilisoma kwa marehemu baba yako. Na kisa cha Ibn Umar nilikisoma kwake pia. Aliposikia zumari ya mchungaji alitia vidole masikioni akaiacha njia. Lakini kila hatua alikuwa akimuuliza Nafi, je, wasikia bado? Hakumwacha mwenzake nyuma."

Kisa hicho tumekisomesha mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na wanazuoni wamekitumia pande zote mbili, anayekataza na anayelegeza. Hatukuwahi kukitazama kutoka upande wa Nafi.

Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo. Tulirudi Kaloleni, tukala chakula cha mchana. Sisi wawili tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa kuwa tulikuwa wasafiri tusiokusudia kukaa siku nne. Wenyeji wetu walisali zao peke yao, maana msafiri akimfuata imamu mkazi humlazimu kutimiza. Kisha tukashika barabara ya Bondo.

Kiasi cha kilomita thelathini kutoka mjini kuna mawe makubwa yaliyobebana, marefu kuliko miti yote iliyo karibu, kana kwamba mtu ameyapanga moja juu ya jingine. Mahali hapo huitwa Kit-Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Watu wa madhehebu ya Legio Maria huenda kuomba katika mapango yake, na siku hiyo walikuwepo na kanzu zao nyeupe. Tukapita mbali nao ili tusiwakatize. Yapo na maji yanayodaiwa kuponya. Itikadi yetu juu ya hayo yajulikana, hatuna haja ya kuirefusha.

Kijana anayewaongoza wageni alitupa kisa cha jina. Palikuwa na mzee aitwaye Ngeso, aliyelipenda jiwe lile mapenzi makubwa. Kila akiamka hutoka kwake akaenda kukaa ndani ya pango lake mpaka jioni. Mkewe, kwa kuwa mume hatoki huko, ikawa kazi yake kumpelekea chakula cha asubuhi, na kumpelekea cha mchana. Watu wakimuuliza mzee yuko wapi, hujibu, "Amekwenda kwa mke wake wa kwanza." Ndipo jiwe likaitwa hivyo mpaka leo.

Wageni wengine walicheka. Mwenzetu hakucheka. Alimuuliza yule kijana, "Mwanangu, huyu mama alipopeleka chakula, alikuwa akikaa chini ale naye, au akiweka na kurudi?"

Kijana akafikiri. Akasema kisa hakielezi.

Tulipokuwa tukishuka mwenzetu akasema, taratibu, wala si kwa hasira, "Maalim, wewe chai yako huletewa madrasani." Nasi tukaanza kuhesabu ndani ya nafsi: sinia la asubuhi, birika la alasiri, kwa miaka ishirini na saba, hubebwa na yeye au na mtoto aliyetumwa naye, na sisi hulipokea kwa mkono mmoja, kitabu kimo katika mkono wa pili. Hata siku moja hatukumwambia akae. Kwa miaka hiyo yote tulidhani jiwe ni la watu wa maasi, wa mirungi na kamari. La kwetu lina mihrabu na ubao, kwa hiyo hatukulitambua kuwa ni jiwe.

Tulimtaka radhi papo hapo, mbele ya mawe. Tulimtaka radhi kwa ajili ya kobe, na kwa ajili ya sinia, na kwa ajili ya mama yake. Hilo la mama yake alilisikiliza, akajifuta uso, akasema, "Twende, jua lisituache."

Sasa, dada yetu mpendwa, jawabu ulilouliza. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze, na itakayemwangukia hutoka naye, ina maana wake wa nyumba ile walikuwa wakiitamani safari, naye hakuwakemea kwa kuitamani. Katika safari mojawapo aliwaambia watu watangulie, akashindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda, mwili wa Bibi umeongezeka, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwa kucheka kuwa huo ni ushindi wa kulipiza ule. Hayo amesimulia Bibi mwenyewe, na yamo katika Abu Daud. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini alimkinga Bibi Aisha nyuma yake atazame, wala hakusema basi mpaka Bibi mwenyewe alipochoka. Mtume wa umma mzima alisimama akingoja macho ya mkewe yashibe, ilhali sisi wenye madrasa ya vyumba vitatu hatuna nafasi! Mwambie mumeo kwamba safari ya halali, yenye sitara, isiyopoteza faradhi wala kuingiza nyumba katika deni, ni mubaha katika asili yake, na nia ya kumfurahisha mke huigeuza kuwa ibada. Akitaka vitabu, aje, tutamwonyesha kurasa.

Jioni tulikuwa Dunga, upande wa kusini wa mji, mahali pa wavuvi. Ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na fungu la Kenya ni kiasi cha sehemu sita katika mia. Lakini aliye juu ya mashua hahesabu. Tulikodi mashua ndogo kwa nusu saa. Mwenzetu aliyekulia kwenye maji haya alikaa mbele kama nahodha, nasi watu wa bahari tukashika ubao kwa mikono miwili. Tulipita kando ya mafunjo, ndege wakaingia na kutoka. Mpiga kasia alituonyesha mahali kiboko alipoonekana asubuhi, na sisi tukamwomba asipasogelee kwa ajili ya kuthibitisha. Mwenzetu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Jua la pwani huchomoza majini; la Kisumu hutua majini. Simu yetu ilikuwa bado na saa za sala za Mombasa, ikaadhini Magharibi jua likiwa juu. Tofauti ni kama dakika ishirini, kwa kuwa Kisumu iko magharibi yetu kwa digrii tano hivi, na kila digrii ni dakika nne. Mwenye saumu asafiripo afungue kwa jua la mahali alipo, si kwa simu ya alikotoka. Dakika hizo ishirini tulizipata bure, tukazitumia kutazama. Kisha tukasali ufukweni, mwenzetu nyuma yetu, wavuvi wakatupisha.

Chakula kilikuwa ngege mzima wa kukaanga, kwa sima na mboga za majani. Samaki haulizwi kachinjwa na nani, basi kina mama wanaohofia chakula cha ugenini hapo wawe na raha. Maji ya ziwa ni baridi, na ladha ya samaki wake si ya changu wala tasi. Ilitubidi tuongeze ndimu. Tulikula katika sahani moja. Tulikuwa hatujamaliza, muziki ukafunguliwa katika kibanda cha jirani, benga yenye magitaa, sauti kubwa ya kupasua kifua. Tukamtazama mwenzetu, naye akatutazama. Tukamuuliza, "Je, wasikia bado?"

Akasema, "Hii yanitosha kuumwa na kichwa." Tukaichukua sahani yetu, sisi wawili, yeye akashika kikombe cha ndimu na jagi la maji, tukahamia upande wa mashua, ambako ilikuwa ikisikika kwa mbali.

Jumapili tukarudi. Barazani baada ya Isha wakatuuliza Kisumu tulikwenda kwa muhadhara gani. Tukawaambia hatukuwa na muhadhara, tulikwenda kutembea na mke wetu. Walinyamaza kwa muda. Mmoja akakohoa, mwingine akaanza habari ya bei ya unga. Ilipofika wakati wa kuondoka, mzee mmoja ambaye hatumtaji alitushika mkono akatuvuta kando, akatuuliza kwa sauti ndogo nauli ni kiasi gani, na kama watu wawili hupata punguzo.

Wabillahi taufiq.